Sura ya Saba: Tenda Wema, Usiende Zako

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu Kusini, kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Uvira. Watu walisogea na ndoo na madumu kuteka mafuta yaliyomwagika. Wengine walikuwa ndani ya vibanda vya video karibu na hapo, wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 230. Majeruhi walisambazwa hospitali za Uvira na Bukavu, na MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani uliokuwa umeanza kuitwa kwa jina hilo siku moja tu kabla, ulisaidia kwa helikopta.

Msiba wa ukubwa ule huita helikopta. Dharura nyingi za Kivu Kusini, hata hivyo, hazifiki redioni. Ni mama wa Kadutu aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku, mtoto wa Bagira aliyemwagikiwa na maji ya moto, kijana wa Panzi aliyeangukiwa na ukuta wakati wa mvua. Hao hawangojei helikopta. Wanamngojea jirani mwenye gari, au motari, dereva wa pikipiki, anayelala karibu na kona.

Wabelgiji waliuita mji wa Bukavu Costermansville na wakaupanga kwa ajili ya watu wachache, kwenye rasi zinazoingia Ziwa Kivu. Leo wakazi wake wanapita milioni moja, na wengi wanaishi kwenye miteremko ambako nyumba imeegemea nyumba na njia ni ya miguu tu. Mgonjwa hubebwa mgongoni au kwa tipoyi hadi penye barabara. Hapo huketishwa kwenye pikipiki, motari mbele, ndugu nyuma akimshikilia asianguke. Ambulansi zipo, za hospitali na za mashirika, lakini hazitoshi, na mara nyingi kazi yake ni kumhamisha mgonjwa kutoka kituo cha afya kwenda hospitali kubwa, si kumfuata nyumbani kwake. Pengo lililobaki linazibwa na watu wa kawaida, bila malipo, usiku baada ya usiku.

Sura hii inawahusu watu hao, na hatari ambayo hawaambiwi: kwamba safari ya wema inaweza kuwafikisha parke, yaani kwa mwendesha mashtaka, au kuwatia deni la miaka. Ninalotaka kusema ni moja. Kumbeba mgonjwa ni wajibu, na hatari inayomfuata anayembeba ni ya kweli. Kwa hiyo hatari hiyo haipaswi kuachiwa mtu mmoja. Igawanywe, na igawanywe kabla mlango haujagongwa.

Sheria inadai pande mbili

Kanuni ya Adhabu ya Kongo inatokana na dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, ambayo imerekebishwa mara nyingi. Ndani yake kuna kifungu cha 66 ter. Kinamwadhibu mtu anayejizuia kwa makusudi kumsaidia mwenzake aliye hatarini, ikiwa angeweza kumsaidia bila kujihatarisha mwenyewe wala kuwahatarisha wengine, ama kwa kitendo chake mwenyewe ama kwa kuita msaada.

Kifungu hicho kisomwe polepole, kwa sababu kina maneno mawili yanayomlinda dereva. La kwanza ni sharti la kutokuwepo hatari. Mwenye gari ambalo breki zake zimekwisha, au mwenye usingizi mzito baada ya zamu ya usiku, au aliyekunywa, halazimishwi na sheria kushika usukani. La pili ni kuita msaada. Anayemwamsha jirani mwingine, anayepigia simu kituo cha afya, anayekimbia kutafuta motari, ametimiza wajibu wake. Sheria haimdai mtu ushujaa. Inamkataza kufunga mlango na kurudi kulala.

Fungua sasa kurasa nyingine za kanuni hiyohiyo. Kifungu cha 52 kinasema kwamba ana hatia ya kuua au kujeruhi bila kukusudia yule aliyesababisha madhara kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari. Cha 53 kinaweka kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 pale mtu anapokufa. Cha 54 kinaweka siku 8 hadi mwaka 1 pale anapojeruhiwa, na faini juu yake, au kimoja tu kati ya hivyo viwili. Hakuna mstari unaosema kwamba dereva aliyekuwa akimkimbiza mgonjwa hospitali yuko nje ya vifungu hivi.

Upande wa fidia, sheria ni ya zamani zaidi. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo wanasheria wa Kongo wanaijua kama Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Kiraia, inasema katika kifungu cha 258 kwamba tendo lolote la mtu linalomdhuru mwingine linamlazimisha mwenye kosa kulipa. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutojihadhari. Cha 260 kinakwenda mbali zaidi: mtu anawajibika pia kwa wale walio chini ya mamlaka yake, na kwa vitu vilivyo katika ulinzi wake. Gari ni kitu cha namna hiyo. Breki zikikatika, swali la kwanza ni nani aliyekuwa na gari hilo mkononi mwake.

Kwa hiyo jirani mwenye gari amesimama kati ya madai mawili. Asiposaidia, kuna kifungu. Akisaidia na ajali ikatokea, kuna vifungu vinne au vitano.

Madai yanayotoka katika safari moja

Tuweke mfano. Mlango unagongwa Panzi usiku. "Papa Amani, tusaidie, Mama Neema anazidiwa!" Papa Amani hana gari, lakini shemeji yake ameliegesha la kwake uani. Anachukua ufunguo. Wanapanda sita katika gari la watu watano: mgonjwa, mama mkwe, dada wawili, mume, na yeye dereva. Mvua imenyesha, barabara imechimbika, na kwenye mteremko gari linateleza na kumgonga mpita njia. Mguu wa mpita njia umevunjika. Mama Neema naye ameumia kichwa.

Mpita njia ana haki ya kudai, kwani hakuomba kuwamo katika dharura ya mtu mwingine. Mama Neema ana haki pia. Kupanda bure hakumnyimi mtu haki ya kufikishwa salama, na jamaa walioshukuru usiku wanaweza kubadilika asubuhi wakiona bili ya upasuaji. Dola ina dai lake la jinai chini ya vifungu vya 52 hadi 54. Na shemeji, aliyeamka akakuta gari lake liko kituo cha polisi, ana la kuuliza.

Nia njema inasaidia wapi? Inasaidia mbele ya hakimu anayepima adhabu, kwa sababu Kanuni ya Adhabu inaruhusu mazingira ya kupunguza adhabu. Inasaidia pia pale mtetezi anapoweza kuonyesha kwamba dereva alivunja kanuni ndogo ili kuokoa uhai, na kwamba njia nyingine haikuwepo. Sheria ya kiraia nayo inamtambua mtu anayeshughulikia jambo la mwenzake bila kutumwa: inamtaka alishughulikie kwa uangalifu wa mzazi mwema, na kwa upande wa pili inampa haki ya kurudishiwa gharama zilizokuwa na faida, mafuta ya gari yakiwemo. Hakimu anaweza kuyatazama mazingira yaliyomsukuma mtu kuingilia, akapunguza fidia.

Kupunguza, lakini, si kufuta. Mguu uliovunjika unabaki umevunjika, na mwenye mguu ana watoto wa kulisha. Ndiyo maana sheria haitoi msamaha wa jumla kwa wema: wema wa mtu mmoja usilipwe kwa mwili wa mwingine. Haki ya mpita njia ni nzito sawa na haki ya mgonjwa. Tunachotafuta ni mfuko utakaomlipa mpita njia bila kumfilisi Papa Amani.

Karatasi iliyoko kwenye kioo

Mfuko huo, kwa sheria, ni bima. Sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 iliweka wajibu kwamba gari la injini lisitembee barabarani bila bima ya madhara kwa watu wengine. Kwa karibu nusu karne bima ya Kongo ilikuwa ni SONAS peke yake, shirika la taifa lililoundwa mwaka 1966. Kanuni ya Bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko. Ikaundwa mamlaka ya usimamizi, ARCA, na kuanzia mwaka 2019 kampuni binafsi zikapewa vibali.

Madereva wengi wa Bukavu huiona bima kama karatasi ya kuonyesha polisi wa barabarani: ikiwa kwenye kioo, safari inaendelea. Dharura ndiyo inayofunua kwamba karatasi ile ni mkataba, na mkataba una masharti. Matatu kati ya hayo yanamgusa anayejitolea.

La kwanza ni matumizi. Gari la nyumbani huandikishwa kama gari la nyumbani, na kubeba abiria kwa malipo ni matumizi mengine yenye bei nyingine. Familia ya mgonjwa ikitoa pesa, je, hiyo ni nauli? Kurudishiwa mafuta si sawa na kufanya biashara, lakini kampuni inayotafuta sababu ya kutolipa itauliza. Ni salama zaidi familia ijaze mafuta kituoni yenyewe kuliko kumpa dereva noti mkononi. Na ikibidi apewe, iandikwe kuwa ni mafuta.

La pili ni idadi. Gari la watu watano likibeba sita, pikipiki ikibeba watatu, au pikapu ikibeba majeruhi kumi nyuma, kampuni ina mlango wa kutokea. Usiku wa dharura kila ndugu anataka kupanda. Dereva mwenye busara huchagua: mgonjwa, mtu mmoja wa kumshikilia, mtu mmoja mwenye simu na pesa. Wengine watafuata kwa miguu au kwa pikipiki nyingine. Kukataa huko si ukatili. Ni kulinda haki ya wote walio ndani ya gari kulipwa endapo litapinduka.

La tatu ni mkono ulioshika usukani. Je, ana permi halali, ya aina ya gari hilo? Kijana anayejua kuendesha lakini hana permi anaweza kumfikisha mgonjwa salama mara nyingi. Siku moja asipofika, bima haitamtambua, na hakimu ataona katika kukosa permi ushahidi wa kukosa tahadhari. Penye dharura, anayefaa kuendesha ni mwenye permi, hata kama si mwenye gari.

Kuna swali pia la mpaka. Daraja la Ruzizi la Kwanza liko dakika chache tu kutoka katikati ya mji, na wapo wagonjwa wanaovushwa kwenda Rwanda. Bima ya ndani huishia mpakani, na kinga ya upande wa pili ni lazima inunuliwe au ithibitishwe kabla ya kuvuka. Anayevuka bila hiyo anaendesha kwa jina lake na mali yake peke yake.

Gari la shirika

Bukavu ni mji wa mashirika. Tangu vita vya miaka ya 1990, magari meupe yenye bendera na namba za redio yamekuwa sehemu ya barabara zake. Dereva wa shirika anapopita mahali pa ajali, watu husimama katikati ya barabara wakimwonyesha majeruhi. Naye ana amri ya kazi: asibebe mtu asiyeandikwa kwenye karatasi ya safari.

Amri hiyo haitokani na ukosefu wa huruma. Kifungu cha 260 kinamfanya mwajiri ajibu kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini. Shirika linalobeba majeruhi asiye wake linabeba pia madai yake, na katika eneo la vita linahatarisha jina lake la kutoegemea upande wowote. Hata hivyo dereva ni binadamu, na kifungu cha 66 ter kinamhusu yeye kama mtu, si shirika lake. Amri ya ofisi haifuti sheria ya jinai.

Mashirika mengi hujaribu kutatua jambo hili kwa hati: anayepanda anasaini kwamba akidhurika hatamdai mtu. Hati hiyo ina faida ndogo kuliko wanavyodhani. Haimfungi mpita njia, ambaye hakusaini. Haizuii mashtaka ya jinai, kwa sababu makosa ya jinai si mali ya aliyesaini. Na mtu anayetokwa damu hawezi kusemwa kwamba alikubali kwa hiari yake kitu chochote.

Jibu bora ni ruhusa iliyoandikwa mapema: dereva afanye nini akikuta mtu anakufa njiani, ampigie nani, ampeleke hospitali gani, na kwamba akifuata hatua hizo shirika litasimama naye. Dereva asiachwe achague kati ya kazi yake na uhai wa mtu ndani ya sekunde chache. Uamuzi huo ni wa mkurugenzi, na aufanye mchana, ofisini, akiwa na utulivu.

Mlangoni pa hospitali

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Walikuwa wakitufundisha tusingojee shukrani, na somo hilo ni zuri. Lakini dereva aliyemleta majeruhi wa ajali, akamshusha na kuondoka bila kusema neno, amejitengenezea kesi. Namba ya gari imeonwa. Mgonjwa hana fahamu. Asubuhi familia inauliza nani aliyemgonga, na jibu la haraka ni yule aliyemleta. Kukimbia baada ya ajali ni kosa linalosimama peke yake, na anayeondoka bila kujieleza anafanana na anayekimbia.

Hofu ya pili ni malipo. Hospitali nyingi za Kongo huishi kwa ada za wagonjwa, na imekuwa desturi mgonjwa aliyetibiwa kuzuiwa mpaka bili ilipwe. Katika hali hiyo, anayemleta mtu asiye na ndugu huonekana kuwa ndiye mdhamini. Anaombwa pesa ya awali, anaombwa kusaini. Wengi husaini bila kusoma, kwa sababu mtu anakufa mbele yao.

Hapa kuna jambo la kujifunza kutoka India, nchi ambayo watu wake walikuwa wakiwapita majeruhi barabarani kwa hofu hiihii. Serikali ilitoa mwongozo mwaka 2015, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaupa nguvu ya sheria mwaka 2016, na mwaka 2019 bunge likaingiza kifungu cha 134A katika sheria ya magari. Aliyemwokoa majeruhi wa ajali ya barabarani kwa nia njema hashtakiwi kwa madhara yaliyotokea katika kumwokoa. Halazimishwi kutaja jina lake, na hospitali haimzuii wala haimdai pesa.

Kongo haina kifungu cha namna hiyo. Mpaka kipatikane, dereva ajilinde kwa ushahidi. Afike moja kwa moja mapokezi. Aseme kwa sauti, mbele ya muuguzi na mtu mwingine: nimemkuta mahali fulani, saa fulani, sikumgonga, huyu niliye naye ameona. Aombe iandikwe kwenye daftari la mapokezi kwamba yeye ni msafirishaji. Akiombwa kusaini, aandike neno hilo kando ya jina lake: msafirishaji, si mdhamini. Kama ni ajali ya barabarani au jeraha la risasi, apite kituo cha polisi au kwa shefu wa avenyu kabla ya kulala. Na kama mtu amefariki ndani ya gari, asimrudishe nyumbani kwa kuombwa na ndugu. Amfikishe hospitali, kifo kithibitishwe na daktari, saa iandikwe.

Tenda wema, basi, lakini usiende zako mpaka jina lako liandikwe mahali panapostahili.

Vita inapoingia, na maradhi yanapopanda

Bukavu ilichukuliwa na waasi wa M23 katikati ya Februari 2025. Tarehe 27 ya mwezi huo milipuko ilitokea kwenye Uwanja wa Uhuru, mwisho wa mkutano wa hadhara wa waasi hao. Watu wasiopungua 11 walikufa na makumi wakajeruhiwa. Siku kama hiyo hakuna anayeuliza bima. Anayesimamisha gari anatazama damu tu.

Lakini hatari ya siku hiyo ni ya aina nyingine: kumbeba majeruhi kunaweza kusomwa kuwa ni kuchagua upande. Hapa sheria ya kimataifa inasema waziwazi. Kifungu cha 3 kilicho katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949 kinaamuru waliojeruhiwa wakusanywe na kutunzwa. Itifaki ya Pili ya 1977, ambayo Kongo imejiunga nayo, inasema katika kifungu cha 18 kwamba raia wanaweza, hata kwa hiari yao wenyewe, kujitolea kuwakusanya na kuwatunza majeruhi na wagonjwa. Kifungu cha 10 kinakataza mtu yeyote kuadhibiwa kwa kazi ya tiba inayofuata maadili yake, awe amemtibu nani. Dereva akumbuke masharti yanayokwenda na haki hiyo: silaha isiingie ndani ya gari, mpiganaji mzima asipande kwa kisingizio cha kumsindikiza mwenzake, na safari ielekee hospitali bila kupitia kwingine. Penye majeruhi wengi, ni bora kushirikiana na wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu, ambao nembo yao na uzoefu wao vinafahamika kwenye vizuizi.

Vita pia iliharibu njia za kudai na kulipa. Benki za Bukavu zilifungwa, na huduma za dola zikakatika. Hakimu asipokuwepo, lawama haitoweki. Inahamia kwenye kikao cha familia, kwa shefu, au kwa mwenye bunduki. Hapo daftari lenye saa na majina ya mashahidi lina thamani kuliko wakati wowote.

Maradhi nayo ni hatari ya aina yake. Agosti 2019, Ebola iliyokuwa ikiwaka Kivu Kaskazini ilifika Mwenga, Kivu Kusini. Septemba 2023, mpox ilianza kusambaa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu ulio katika wilaya hiyohiyo ya Mwenga. Motari anayebebana na mgonjwa, kifua kwa mgongo, yuko katika mguso wa karibu kabisa, na abiria atakayefuata ataketi palepale. Mwenye upele, homa kali au damu isiyoelezeka aitiwe timu ya afya kwanza. Timu ikichelewa na uhai ukawa hatarini, dereva avae glavu, madirisha yafunguliwe, kiti kioshwe kwa maji ya klorini, na kituo cha afya kijue jina la dereva ili naye afuatiliwe. Anayewabeba wengine ana haki ya kutibiwa wa kwanza anapougua kwa sababu hiyo.

Mzigo ugawanywe mapema

Ubelgiji, nchi iliyotuachia kifungu cha 258, yenyewe haikumwacha anayejitolea peke yake na kanuni ya karne ya 19. Sheria yake ya tarehe 3 Julai 2005 inasema kwamba anayejitolea chini ya shirika hawajibiki binafsi isipokuwa kwa hila, kwa kosa kubwa, au kwa kosa dogo alilolizoea. Shirika ndilo linalolipa, na ndilo linalokata bima. Marekani ina sheria ya mwaka 1997 ya kuwalinda wanaojitolea, lakini sheria hiyo imeacha nje madhara yanayotokana na kuendesha chombo ambacho jimbo linamtaka mwendeshaji au mwenye chombo awe na leseni au bima. Maana yake ni wazi: barabarani, kinga iliyo bora ni bima iliyolipwa, kwa sababu inamlinda dereva bila kumnyima aliyegongwa.

Karibu zaidi nasi, Tanzania ina mpango wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga na kutangazwa kuwa wa nchi nzima mwaka 2022. Mjamzito au mzazi mwenye dharura hupiga 115 bila malipo. Penye ambulansi inatumwa. Pasipokuwepo, anaitwa dereva wa jamii aliyeandikishwa kabla, naye analipwa kwa simu. Huko dereva si msamaria aliyeokotwa usiku. Anajulikana, gari lake linajulikana, na safari yake ina kumbukumbu.

Bukavu haihitaji kungojea sheria mpya kutoka Kinshasa ili kufanya sehemu ya haya. Parokia, mituweli ya afya, chama cha motari, hata likelemba ya akina mama wa avenyu moja, wanaweza kukaa mchana mmoja na kupanga. Waandike orodha ya madereva wachache wenye permi halali na magari yenye bima hai na breki zilizokaguliwa, na zamu za usiku ili mchovu asiendeshe. Waandikie kampuni ya bima barua kwamba magari haya hubeba wagonjwa bure wakati wa dharura, na waombe jibu la maandishi. Kama kampuni itataka nyongeza, kikundi kizima kichangie nyongeza hiyo. Wakubaliane na hospitali mbili za karibu kwamba dereva mwenye kadi ya kikundi hatazuiwa wala kudaiwa. Waweke mfuko wa mafuta na wa gharama za kwanza za mtu atakayegongwa. Kila safari iwe na mtu wa pili wa kumshikilia mgonjwa na kuandika saa. Na waandike, kwa saini za viongozi, kwamba kikundi kitasimama na dereva wake mbele ya familia, polisi na parke, isipokuwa amelewa au amefanya makusudi.

Wabunge wa Kivu Kusini, wa mkoa na wa taifa, wana kazi yao pia: kifungu kimoja cha kumlinda mwokozi, na mfuko wa kuwalipa wanaoumizwa na magari yasiyo na bima. Waulizwe juu ya hilo kila wanapokuja kuomba kura.

Mpaka hapo, usiku mlango ukigongwa, fungua. Uliza hali ya mgonjwa, chagua watakaopanda, mchukue shahidi, endesha polepole kuliko woga wako unavyotaka, na ukifika andikisha jina lako. Kisha Jumapili ikija, waite majirani uwaombe wachangie bima ya gari lililowabebea wagonjwa wao. Hilo ni deni lao, na wengi watalilipa wakiombwa.